Maji ya Mapumziko kwenye Mechi ya Magari na Visima

Vijana wangu, mkipewa filimbi kwa mara ya kwanza msikimbilie kuipuliza. Tafuteni kwanza pa kuegesha baiskeli. Iegesheni upande wa barabara, ikiangalia njia ya kurudi, wala msiifunge kwa kufuli. Jambo hili hamtalikuta kwenye kitabu cha sheria za mpira wa kikapu, lakini mimi nilifundishwa hilo kabla hata ya sheria ya kutembea na mpira. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Rashidi wa Biharamulo, fundi cherehani siku za kazi na mwamuzi siku za Jumapili, mtu aliyekimbizwa viwanja vingi kuliko alivyochezesha.

"Refa anayehangaika na kufuli huku watu wanakuja," aliniambia, "huyo hakimbii tena. Anangoja."

Nilifika Ngara miaka ile ya wakimbizi, nimetoka chuo cha ualimu, kwetu Singida. Shati langu lilikuwa limepigwa pasi na kichwa kimejaa mawazo. Nilikuwa mtu wa kuwaza, na kustaafu hakujanibadilisha. Mtoto akiniamkia shikamoo, nikiitikia marahaba natembea hatua kumi nikijiuliza kama sauti yangu ilimfikia. Shirika moja lililonipa kazi lilitaka vijana wa kambini wapate michezo. Nilidhani nitafundisha kuruka kamba na mbio za magunia. Badala yake nikapewa filimbi, nichezeshe Magari na Visima.

Niwaeleze, maana ninyi mmezaliwa uwanja umeshageuka shamba la mihogo. Magari ilikuwa timu ya kampuni iliyoleta mahindi na maharage kambini kwa malori, na ghala lao lilikuwa upande wa Ngara. Visima ilikuwa timu ya kampuni iliyochimba visima, na kituo chao kilikuwa upande wa Biharamulo. Zote mbili ziliwalipa wachezaji wao. Kwa jina walikuwa vibarua wa kupakia na kuchimba, lakini mtu mfupi akiomba kibarua aliambiwa nafasi zimejaa, na mrefu aliulizwa namba ya kiatu tu.

Kabla sijafika walikuwa wameshagombana misimu kadhaa. Ugomvi wao uliingia hadi sokoni. Nilishuhudia posa ikirudishwa Nyarubungo kwa sababu mshenga alivaa fulana ya Magari. Baba wa binti alisema hana neno na kijana, ila hawezi kumkaribisha nyumbani mtu mwenye fulana ile.

Uwanja wenyewe ulikuwa upande wa Ngara, kwa Magari, wa udongo mwekundu wa moramu. Tulichora mistari kwa majivu yaliyokorogwa na maji, kwa sababu chokaa ilipeperuka na kuchoma macho ya wachezaji. Pete zilikunjwa kwa nondo, moja na mafundi wa Magari na nyingine na mafundi wa Visima, na kila upande uliapa kwamba pete ya wenzao ni pana zaidi. Mzee Rashidi alizipima kwa futi yake ya kushonea nguo mbele ya watu wote, akatangaza kwamba zote mbili zina makosa. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kwangu kuona baiskeli isiyofungwa ikifanya kazi.

Alinifundisha mengine pia. Kabla ya mechi, zunguka uwanja wote ukidundisha mpira, ujue ni wapi unakufa. Kwenye kona moja chini ya ubao wa Visima ulikuwa haurudi kabisa, kama umedundishwa juu ya godoro, na wenyeji waliwasukuma wageni huko makusudi. Pia, mchezaji akitaka kukudanganya, usimtazame mikono wala macho, tazama kiuno. Na usisimame ukiwapa mgongo watu wanaoshindwa. Siku hizi mna saa za umeme zinazolia zenyewe. Sisi tulikuwa na saa ya mkononi ya Mzee Rashidi na rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Muda ukiisha aliipiga kwa nyundo, na kelele yake ilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

Sasa niwaambie ile mechi.

Ilikuwa ya kuamua nani bingwa. Watu walifurika mpaka mistari ya majivu ikakanyagwa kabla hatujaanza. Mashabiki wa Visima walikuja na malori mawili yenye maturubai, wakiimba. Askari tuliyekuwa naye ni mgambo mmoja mwenye rungu, naye alikuwa shabiki wa Magari.

Nahodha wa Magari alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, kutoka kijiji cha Mabawe, kijana mwenye mabega mapana aliyeitwa Jeki, kwa kuwa aliinua magunia bila kukunja uso. Nahodha wa Visima alikuwa Mrundi wa kambini, mrefu mwembamba, jina lake Salvatori, lakini watu walimwita Winchi. Zamani walicheza pamoja Magari. Winchi alipohamia Visima, Jeki aliacha kumsalimia. Walipokutana barabarani mmoja wao aliingia porini kwanza, na kila mmoja alidai anayeingia ni mwenzake.

Maji ya wachezaji yaliletwa na Mama Konsolata, mama wa makamo kutoka Mabawe, jirani wa mashamba na mama yake Jeki. Alikuja na dumu kichwani na kikombe cha bati mkononi. Msimu mzima alikuwa amewanywesha wageni na wenyeji bila taabu. Ila juma lile kulikuwa na hofu ya kipindupindu kambini, na bwana afya alikuja na masharti mapya. Tulikaa naye kabla ya mechi, tukakubaliana.

Rimu ya mapumziko ilipopigwa, Magari walikuwa wanaongoza kwa vikapu viwili. Mama Konsolata akaenda upande wa Visima kwanza, kwa kuwa ni wageni. Akajaza kikombe, akakiinua kuelekea mdomoni mwake. Bwana afya akaruka.

"Hapana, mama! Mdomo wa mtu usiguse kikombe cha mwenzake."

"Nisionje?"

"Usionje."

"Hata kidogo, baba?"

"Hata kidogo. Ndiyo kinga yenyewe."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, na wewe unasema hivyo?"

Mimi mtu wa kuwaza, siku hiyo niliwaza jambo moja tu: maskini, ana kiu. Nikamwambia kwa upole, "Utakunywa mechi ikiisha, mama."

Akashusha kikombe. Akampa kijana aliyekuwa karibu, Fidelisi, mchezaji mdogo kuliko wote wa Visima. Nikaona wenzake wanatazamana, sikuelewa. Fidelisi akanywa chote, maana alikuwa akitoka jasho kupita wenzake. Akarudisha kikombe, akapiga hatua kuelekea kivulini, akatapika, akaanguka.

Mkienda kuchezesha mahali pageni, ulizeni kwanza watu wa hapo wanapeanaje maji. Kwa Wahangaza na Warundi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Ndiyo njia ya kukuambia kwamba hakuna kitu ndani. Asipoonja, naye amekuambia jambo. Mimi na bwana afya, wote watu wa mbali, tulikuwa tumemfanya Mama Konsolata aliseme jambo hilo mbele ya malori mawili ya mashabiki.

"Sumu!" mwanamke mmoja akapiga yowe juu ya lori. "Hakuonja! Nimemwona, hakuonja!"

Wakamzunguka. Mmoja akamshika kitenge, mwingine mkono. Kikombe kikaanguka kwenye moramu. Mama Konsolata akakiokota, akajaza maji, akapiga kelele, "Leteni macho yenu! Naonja sasa!" Lakini mwanaume aliyemshika mkono akakipiga kile kikombe kikaruka.

"Sasa ndiyo unaonja? Unadhani hatujui? Mwenye sumu hunywa dawa yake kwanza nyumbani!"

Bwana afya alikuwa amembeba Fidelisi na watu wawili, wanakimbilia gari la kituo. Mgambo alisogea na rungu lake, akawatazama watu walivyo wengi, akasogea tena, safari hii kinyumenyume.

Mechi ilikuwa imesimama. Nikawaita Visima warudi uwanjani. Hawakurudi. Winchi alisimama kwenye mstari wa majivu amekunja mikono. "Hatuchezi na wauaji," akasema. Nikawaita tena. Kanuni yetu ilisema timu inayokataa kurudi baada ya kuitwa imeshindwa. Mzee Rashidi alikuwa ameshika nyundo karibu na rimu, ananitazama mimi. Akipiga tu, Magari ni mabingwa.

Nikaanza kuwaza, na naona aibu kuwaambia nilivyowaza. Nikipuliza, Visima watasema refa alikuwa mshirika wa njama. Nisipopuliza, Magari watasema refa kanunuliwa. Na vipi kama maji yana kitu kweli? Sikuwa nimelilinda lile dumu. Lakini kila nilipofikia mwisho wa wazo nilimkuta mama yule amesimama katikati ya watu, kitenge kimevutwa begani, anageuza kichwa huku na huku akitafuta uso anaoufahamu.

Nikamwita nahodha wa Magari.

"Jeki, njoo hapa."

Akaja akitabasamu. "Puliza, mwalimu. Umewaita, wamekataa. Ubingwa wetu."

"Nikipuliza, mama itakuwaje?"

Tabasamu likaisha. Akatazama kule. "Watampiga," akasema. "Wakishindwa mechi pia, watampiga zaidi." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Mama Konsolata hujaza kikombe akaonja tangu zamani. Nani kamkataza leo?"

"Bwana afya. Na mimi."

Akageuza tena uso kule kwa mama.

"Basi mimi nitakunywa," nikasema. "Mbele yao."

Akanitazama kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Wewe? Wewe wa Singida. Ukifa hapa nani wa kukulilia? Watasema mlikunywa dawa pamoja asubuhi."

"Nani basi?"

Alijua jibu. Nilimwona analijua, na nilimwona hataki kulijua. Yeye ni wa Mabawe. Mama Konsolata alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Yeye ndiye tegemeo la Magari kipindi cha pili. Hakuna mtu uwanjani pale aliyeweza kuamini kwamba mama yule angemwacha Jeki anywe sumu.

"Unamwamini?" nikamuuliza.

"Namwamini." Akajifuta uso kwa fulana. "Ila dumu nililiona lilipofika, mwalimu. Njiani sikuliona."

Meneja wa ghala la Magari alikuwa ameshatambua tunazungumza nini. Akasimama kwenye kiti chake. "Jeki! Rudi kwenye benchi! Wamekataa wenyewe! Tunakulipa ufunge vikapu, hatukulipi kunywesha watu maji! Ukienda kule, kesho usije kazini!"

"Jeki, acha!" wenzake wakadakia. "Ubingwa uko mkononi!"

Akavuka mstari wa kati.

Nilimfuata, filimbi mdomoni, na niliona aibu kugundua kwamba ninaiuma. Watu wa Visima wakafungua njia kwa sababu hawakuelewa anataka nini. Akapita mbele ya Winchi bila kumtazama, akafika kwa Mama Konsolata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamwashiria kwa kichwa arudi. "Usinywe. Rudi ukacheze. Mimi hawa nitawajibu mwenyewe."

Vijana, neno lile lilimfanya yule aliyemshika mkono akaze zaidi. "Mnasikia? Anamkataza! Anamkataza mtoto wake!"

Jeki akaokota kikombe. Kilikuwa na vumbi jekundu mdomoni. Hakukisuuza, maana angekisuuza wangesema amemwaga kitu. Akainamisha dumu, akajaza mpaka maji yakamwagika vidoleni, akakiinua juu wote wakione. Akanywa. Nilikuwa naona koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza akakigeuza kikombe chini juu, tone moja likaanguka.

Tukangoja.

Sijui tulingoja kiasi gani. Turubai la lori lilikuwa likipigwa na upepo, na mtoto mchanga alilia mahali akanyamazishwa. Mzee Rashidi aliinua nyundo kuniuliza, nami nikamwashiria aishushe. Nilimtazama Jeki kiunoni, kama nilivyofundishwa, kuona kama magoti yatalegea. Yeye alikuwa anatazama chini, anasikiliza tumbo lake. Hilo sikulibuni. Nilimwona anasikiliza.

Kisha akacheua kwa sauti, kama mtu aliyekunywa haraka. Mtu mmoja kwenye lori akacheka, akajizuia.

Jeki akajaza kikombe tena. Akakishika kwa mikono miwili, akamgeukia Winchi, akamnyooshea. Tangu Winchi ahame Magari, hicho kilikuwa kitu cha kwanza Jeki alichompa ambacho si kiwiko.

Winchi hakupokea. "Na ukianguka kipindi cha pili?"

"Utanizika, na ubingwa utakuwa wako."

"Siendi mazishi ya Magari."

"Basi kunywa uwe hai, uendelee kutokuja."

Winchi akamtazama Mama Konsolata. Akamtazama Jeki mdomoni, machoni, tena mdomoni. Akapokea kwa mikono miwili vilevile. Akanywa nusu, akasita, akamaliza. Halafu akamwambia yule mwanaume, bila kupandisha sauti, "Mwachie mama."

Mkono ukaachia.

Kipindi cha pili kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuchezesha. Hakuna aliyetazama mpira. Watu wote walikuwa wanamtazama Jeki tumboni, na Jeki alipojishika ubavu baada ya kugongwa, uwanja mzima ulizuia pumzi kwa pamoja. Nilipuliza faulo zisizokuwepo na kuacha zilizokuwepo. Mama Konsolata alikuwa amekaa juu ya dumu lake karibu na Mzee Rashidi, na mashabiki wa Visima waliokuwa nyuma yake hawakuwa wameondoka. Walikuwa wanangoja. Jeki angejikwaa tu, angeanguka kwa uchovu tu, wangekuwa wa kwanza kumfikia mama.

Hakuanguka. Lakini hakuruka pia. Mwishoni kabisa alibaki peke yake na pete, mpira mikononi, jambo ambalo angelifanya akiwa amefumba macho. Akarusha bila kuinua miguu, ukagonga nondo, ukatoka. Winchi akauchukua, akakimbia nao hadi upande wa pili, akafunga. Mzee Rashidi akapiga rimu. Visima mabingwa, kwa kikapu kimoja.

Maganda ya ndizi yalimwangukia Jeki kutoka upande wake mwenyewe. "Umekunywa ubingwa wetu!" wakamzomea. "Kojoa tuupate!" Meneja aliondoka bila kumtazama. Niwaambie tu kwamba kesho yake Jeki alikwenda kazini kama kawaida na hakuna aliyemfukuza, kwa sababu meneja alikuwa ametafuta mwenye urefu ule usiku kucha hakumpata.

Gari la kituo lilirudi tukiwa bado tunakusanya vitu. Bwana afya akashuka, akasema Fidelisi ana malaria kali, amewekewa dripu, anazungumza. Alikuwa na homa tangu asubuhi akaificha, maana mchezaji aliyekosa mechi aliweza kukuta kibarua chake kimepewa mwingine. Bwana afya alitangaza hivyo kwa sauti kubwa mara mbili. Wengine walisikia. Wengine walikuwa wanaimba juu ya malori. Wengine walisikia wakatikisa vichwa, kwa sababu mtu akishaamini sumu, malaria ni habari ndogo.

Na malori yale yalikuwa yanapita njia ileile ya Mama Konsolata kurudi Mabawe.

Alisimama, akajifunga kitenge upya, akainama kubeba dumu. Nikaanza kuwaza nimsindikize vipi, kwa baiskeli au kwa miguu, na kama nitamsaidia au nitazidisha. Bado nawaza hivyo, nikamwona Jeki anafika, fulana imejaa maganda, anachukua dumu bila kuuliza. Ndipo Winchi aliporuka kutoka juu ya lori la Visima, kombe limebaki mikononi mwa wenzake, wakimwita arudi. Akaja moja kwa moja, akamnyang'anya Jeki lile dumu kama anagombea mpira chini ya ubao, akaliweka begani.

Jeki akachukua kikombe.

Malori yalipowapita yalipunguza mwendo, na nyimbo zikakatika. Niliwatazama mpaka walipoanza kupanda kilima: Winchi mbele, Jeki nyuma, mama katikati anawagombeza wote wawili waache kwenda mbio, na hakuna kati yao aliyemsemesha mwenzake.